H.P. Lovecraft: Jamaa aliyeacha shule, akafa fukara, na bado anatutia baridi kwenye gemu

Saa nane usiku. Mtaani kumetulia, ni mbwa wa ploti ya pili tu anayebweka. Mimi niko kitandani, laptopu yangu ya mitumba iko mapajani na feni yake inalia kama posho mill. Kwenye skrini nina mashujaa wanne ndani ya handaki na mwenge wao unakaribia kuzima. Mmoja wao ni daktari wa tauni niliyempa jina la beste yangu. Ameona mambo mengi kupita kiasi na msongo wake wa mawazo umegonga 100. Ghafla anaanza kumwona kila mtu kama adui. Nikitaka atibiwe, anakataa. Zamu yake ikifika, anawatukana wenzake mpaka nao wanaanza kuingiwa na baridi. Dakika kumi baadaye wote wanne wamekufa. Na kwenye hii gemu hakuna cha kurudi nyuma, aliyekufa amekufa.

Gemu yenyewe inaitwa Darkest Dungeon. Ilitoka rasmi Januari 2016, kazi ya kampuni ndogo ya Vancouver, Canada, inayoitwa Red Hook Studios. Ni gemu ya mikakati ya zamu kwa zamu. Wewe unasonga, adui anasonga, wewe tena, adui tena. Kama umewahi kukaa kwenye benchi la mafundi ukitazama wazee wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda, ama bao kule Pwani, basi unaelewa mchezo. Hakuna haraka. Hakuna kubonyeza vitufe kama mwendawazimu. Una muda wote wa kufikiria, kwa hivyo ukipoteza huna wa kulaumu.

Yule beste niliyempa daktari jina lake alipopita kesho yake nikamwonyesha alivyokufa. Alicheka, halafu akauliza swali moja: ni nani alikaa chini akawaza kitu cheusi hivi?

Jibu ni jamaa aliyefariki mwaka 1937, ambaye hakuwahi kuona kompyuta. Jina lake Howard Phillips Lovecraft. Nilipoanza kusoma maisha yake nilijiona ndani yake mara mbili tatu. Kisha nikafika mahali ambapo nilitaka kufunga laptopu. Tutafika hapo.

Nyumba ya babu

Lovecraft alizaliwa Agosti 20, 1890, katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, Marekani. Baba yake, Winfield, alikuwa mchuuzi wa kusafiri, yaani yule mtu wa mauzo anayelala hotelini leo mji huu, kesho mji ule. Mwaka 1893, mtoto akiwa hata hajafikisha miaka mitatu, Winfield alichanganyikiwa akili akiwa hotelini Chicago. Alirudishwa Providence akalazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Butler, na hakutoka tena. Alifia humo 1898. Wanaochambua rekodi wanaamini ulikuwa ni kaswende iliyofika kwenye ubongo. Mwanawe maisha yake yote alikuwa akieleza watu kwamba baba alipooza.

Mama, Susie, alirudi na mtoto kwa baba yake, Whipple Phillips. Huyu babu ndiye shujaa wa utoto wa Lovecraft. Alikuwa tajiri, mwenye jumba kubwa katika mtaa wa Angell, na maktaba iliyojaa vitabu vya zamani. Jioni alikuwa akimtungia mjukuu hadithi za kutisha, za mapango na majumba yenye giza. Mtoto akasoma Alfu Lela Ulela akiwa na miaka kama mitano, akapenda sana, mpaka akajipa jina la Kiarabu: Abdul Alhazred. Ukijua Kiarabu kidogo utagundua jina hilo limekosewa, lakini likamkaa. Miaka mingi baadaye alilitumia kama jina la mwandishi wa Necronomicon, kitabu cha uchawi alichokibuni mwenyewe na ambacho hadi leo kuna watu wanakitafuta wakidhani kipo kweli.

Bibi yake alipofariki 1896, nyumba nzima ilivaa nyeusi. Ndipo mtoto akaanza kuota jinamizi. Aliota viumbe vyeusi, vyembamba, vyenye mabawa na visivyo na uso, vikimnyakua hewani na kumpeleka asikojua. Alipokuwa mtu mzima alivitia kwenye hadithi zake jinsi alivyoviona usiku ule.

Halafu pesa zikaisha. Babu alikuwa amewekeza katika mradi wa bwawa na unyunyizaji maji kule Idaho, na mradi ukamponyoka. Machi 1904 akafariki. Familia ikalazimika kuhama jumba, Lovecraft na mama yake wakaingia nyumba ndogo mtaa uleule. Mwaka huohuo paka wake mweusi akapotea. Mvulana wa miaka 13 alipoteza babu, nyumba na paka kwa mpigo mmoja. Baadaye alisimulia kwamba kiangazi hicho alikuwa akiendesha baiskeli hadi kwenye mto na kufikiria kujiua. Kilichomzuia ni udadisi. Kulikuwa na mambo mengi ya sayansi na jiografia ambayo hakuwa bado ameyajua, na aliona ni vibaya kuondoka kabla ya kuyajua.

Sasa rudi kwenye Darkest Dungeon. Gemu inaanza hivi: umepokea barua kuhusu jumba la ukoo wako lililooza. Mzee wako wa zamani alitumia utajiri wote kuchimba chini yake akitafuta siri, akafungua kitu kisichofaa kufunguliwa. Kazi yako ni kurudi na kulikomboa jumba, chumba kwa chumba. Lovecraft aliandika hadithi inayofanana na hiyo mwaka 1923, ya mtu anayefufua jumba la mababu halafu anagundua kilichoko chini ya msingi. Ukijua habari za mwaka 1904 unaelewa kwa nini. Jumba la ukoo alilotaka kurudi halikuwa la kubuni.

Cheti ambacho hakikuja

Hapa ndipo aliponigusa mimi binafsi.

Lovecraft alikuwa mtoto mwenye kichwa. Akiwa na miaka 12 au 13 alikuwa akichapisha jarida lake mwenyewe la elimu ya nyota, kwa mkono, na kulisambaza kwa jamaa na majirani. Ndoto yake ilikuwa kusoma nyota katika Chuo Kikuu cha Brown, kilicho hapohapo mjini mwao. Lakini hesabu ilimshinda, hasa aljebra. Na mwaka 1908, akiwa katika shule ya upili, mishipa ya fahamu ikakatika, kama walivyosema watu wa wakati huo. Leo pengine tungesema ni msongo na mfadhaiko. Aliacha shule bila cheti. Brown hakuingia kamwe.

Miaka mitano iliyofuata ni kama haipo. Alijifungia nyumbani na mama yake, mapazia yamefungwa, analala mchana na kukesha usiku akisoma. Hakuwa na kazi wala marafiki. Mama naye alikuwa anaanza kuyumba. Jirani mmoja alikumbuka baadaye jinsi mama huyo alivyokuwa akieleza watu kwamba mwanawe ana sura mbaya, ndiyo maana hataki kutoka nje.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imelimbikiza deni ambalo mathe hangeweza kulilipa hata akiuza ng'ombe wote wa kijiji. Sitataja chuo, si kosa lao. Lakini najua ile hali ya kukaa chumbani mchana ukisikia wenzako wakipita kwenda kibaruani, na simu ikilia hutaki kupokea kwa sababu ni shangazi anauliza utahitimu lini. Kwa Lovecraft, aibu hiyo haikuisha. Hadi uzeeni, kama miaka 46 ni uzee, alikuwa akiandika kwa uchungu kuhusu kukosa chuo.

Vita vya barua vilivyomtoa chumbani

Unajua kilichomtoa? Ni ugomvi wa maoni. Sikutanii.

Mwaka 1913 alikuwa akisoma jarida la hadithi liitwalo The Argosy. Kulikuwa na mwandishi wa hadithi za mapenzi, Fred Jackson, ambaye Lovecraft hakumpenda hata kidogo. Akaandika barua kwa mhariri akimponda. Wasomaji wakamjibu, wengine wakimtetea Jackson. Lovecraft akajibu kwa mashairi. Wenzake wakajibu kwa mashairi pia. Vita hivyo viliendelea miezi na miezi kwenye kurasa za barua, vile ambavyo leo watu wanarushiana maneno mtandaoni hadi kuche.

Aliyekuwa akitazama ugomvi huo ni kiongozi mmoja wa chama cha waandishi wa ridhaa, watu waliokuwa wakichapisha majarida yao wenyewe bila malipo na kutumiana kwa posta. Mwaka 1914 akamwalika Lovecraft ajiunge. Yule kijana wa mapazia akapata watu wa kuongea nao. Akawa mhakiki, akawa rais wa chama, na mwaka 1917 akarudi kuandika hadithi baada ya kuziacha kwa miaka tisa hivi.

Mama alilazwa 1919 katika hospitali ileile ya Butler alikofia mumewe, na akafariki humo Mei 1921 baada ya upasuaji. Wiki chache baadaye Lovecraft alienda mkutano wa waandishi wa ridhaa mjini Boston. Huko akakutana na Sonia Greene.

New York, ndoa na njaa

Sonia alikuwa Myahudi mzaliwa wa Ukraine, mama mwenye binti, mfanyabiashara wa kofia, na alimzidi Lovecraft miaka saba. Alikuwa hasla wa kweli. Walioana Machi 3, 1924, mjini New York.

Kuna kisa cha harusi hiyo ambacho kinanichekesha kila mara. Lovecraft alikuwa amepewa kazi ya kumwandikia Harry Houdini, yule mwanamazingaombwe maarufu, hadithi kwa ajili ya jarida la Weird Tales. Malipo dola 100, pesa nzuri wakati huo. Akamaliza kazi, akaipiga chapa, kisha akaisahau kwenye stesheni ya treni ya Providence akielekea kuoa. Kwa hiyo fungate ya Howard na Sonia ilitumika kupiga chapa upya: mmoja anasoma, mwingine anagonga mashine.

Mwanzo mtamu haukudumu. Duka la kofia la Sonia lilianguka. Lovecraft alituma maombi ya kazi kila mahali, na kila mahali wakamkataa. Alikuwa na miaka 34, hana cheti, hana uzoefu wa kuajiriwa. Wewe mwenyewe unajua jinsi mahojiano ya namna hiyo huisha. Alikuwa pia amedokezewa nafasi ya kuhariri Weird Tales kule Chicago, lakini akaikwepa kwa kuwa hakutaka kuhamia huko. Sonia akapata kazi Cincinnati akaondoka, na Lovecraft akabaki peke yake katika chumba cha Brooklyn, karibu na mtaa wa bandari uitwao Red Hook. Mei 1925 wezi wakaingia wakambebea suti zake karibu zote. Alikula maharagwe ya mkebe, baridi, kuokoa pesa ya mafuta.

Red Hook. Umelikumbuka jina? Ndilo lililoko kwenye jina la kampuni iliyotengeneza gemu yangu. Limetoka kwenye hadithi aliyoiandika Agosti 1925, na hapa ndipo nilipotaka kufunga laptopu.

Chuki

Red Hook ilikuwa imejaa wahamiaji: Waarabu, Wahispania, Waitalia, watu weusi. Mtu mwingine angeona mji unaoishi. Lovecraft aliona uchafu na mashetani. Hadithi yenyewe inawachora wahamiaji kama wachawi wanaoabudu kuzimu na kuiba watoto. Na haikuwa bahati mbaya ya siku moja. Barua zake za New York zimejaa matusi dhidi ya Wayahudi, akiwa amelishwa na mke Myahudi. Mwaka 1912 alikuwa ameandika shairi linalomweka mtu mweusi katikati ya binadamu na mnyama. Yule paka aliyemlilia mwaka 1904 alikuwa na jina ambalo ni tusi la watu weusi, na jina hilo alilirudia kwenye hadithi. Mwaka 1920 aliandika hadithi kuhusu bwana wa Kiingereza anayegundua kwamba bibi wa ukoo wake alitoka Kongo na hakuwa binadamu, naye kwa kuvunjika moyo anajichoma moto. Kongo! Mtu ambaye safari yake ya mbali zaidi nje ya Marekani ilikuwa Quebec.

Wapo wanaosema alikuwa mtu wa wakati wake. Ni kweli Marekani ya wakati ule ilikuwa na ubaguzi hadi kwenye sheria. Lakini hata marafiki zake walimpinga kwa barua, na Sonia alikuwa akimkumbusha kila mara ameoa nani. Kwa hiyo kulikuwa na watu wa wakati huohuo waliojua ni makosa. Miaka yake ya mwisho alibadilika kisiasa, akamuunga mkono Rais Roosevelt na kuanza kuona kwamba tajiri hawezi kuachiwa maskini wa nchi. Kuhusu watu weusi, hakuna dalili kwamba alibadilika.

Nilimsomea beste yangu haya. Akaniuliza kama bado nitacheza. Sikuwa na jibu siku hiyo.

Kitu kisichokujua

Aprili 1926 Lovecraft alirudi Providence kwa shangazi zake. Ndoa ikafa polepole, na 1929 talaka ikaendeshwa ingawa hakuwahi kutia sahihi hati ya mwisho. Lakini kurudi nyumbani kulimfungua. Mwaka huo wa 1926 aliandika hadithi ya Cthulhu, jitu la kale lenye kichwa cha pweza lililolala chini ya bahari, ambayo Weird Tales iliichapisha Februari 1928. Zikafuata nyingine kubwa, ikiwemo ile ya wasafiri wa Antaktika wanaogundua mji uliojengwa kabla ya binadamu kuwepo.

Ladha yake ni tofauti na hadithi za kutisha tulizolelewa nazo. Jini wa Pwani ana tabia. Ana anachotaka, ana anachochukia, unaweza kumpelekea ubani, na mganga anajua lugha yake. Hata shetani wa kanisani anakujua kwa jina na anakutaka wewe. Viumbe vya Lovecraft havikutaki. Havijui upo. Vikikukanyaga ni kama wewe unavyokanyaga siafu ukienda stegi. Na anayeviona hafi kwanza, bali akili ndiyo inayokwenda.

Kwa mtu aliyeshuhudia baba akiishia Butler, na mama akiishia Butler, hiyo haikuwa mbinu ya kuuza majarida. Ndicho kitu alichokiogopa kila alipojitazama kwenye kioo.

Pesa hazikuja. Weird Tales ililipa senti moja au moja na nusu kwa neno, na hadithi nyingine mhariri alizirudisha, ikiwemo ile ya Antaktika. Aliishi kwa kurekebisha maandishi ya watu wengine. Lakini aliandika barua maelfu kwa maelfu, nyingine ndefu kama vitabu. Aliwaandikia Robert E. Howard, mbunifu wa Conan, na Clark Ashton Smith wa California, na watu hao watatu ndio nguzo za ile fantasia ya giza tunayoicheza leo. Aliwaandikia pia vijana wadogo waliomtumia kazi zao. Mmoja wao, Robert Bloch, alianza kumwandikia akiwa bado shuleni, na baadaye akaandika kitabu cha Psycho. Lovecraft aliwasahihishia, akawatia moyo, akawaruhusu kutumia majini yake. Hakumwambia mtu hiki ni changu usiguse.

Kitabu chake kimoja tu ndicho kilitoka akiwa hai, mwaka 1936, nakala kama 200 zenye makosa tele ya chapa. Machi 15, 1937, alifariki hospitalini kwa saratani ya utumbo. Alikuwa na miaka 46, na alikufa akiamini kazi yake itasahaulika.

Kutoka kaburini hadi kwenye skrini

Marafiki wa barua ndio waliomwokoa. August Derleth na Donald Wandrei walianzisha kampuni ya uchapishaji mwaka 1939 ili tu hadithi zake zisipotee. Mwaka 1979 Gary Gygax, mmoja wa waanzilishi wa Dungeons & Dragons, alimweka Lovecraft kwenye orodha ya waandishi waliomchochea. Na mwaka 1981 Sandy Petersen akatoa mchezo wa mezani wa Call of Cthulhu, na humo kulikuwa na wazo lililobadilisha kila kitu: kila mhusika ana pointi za akili timamu, na kila anapoona jambo la kutisha zinapungua.

Kabla ya hapo, shujaa alikuwa na damu tu. Akipigwa zinapungua, akinywa dawa zinarudi. Sasa shujaa akawa na kitu kingine cha kupoteza. Wazo hilo lilisafiri miaka 35 hadi kwenye laptopu yangu. Katika Darkest Dungeon, msongo ukifika 100 shujaa anajaribiwa. Wengi wanavunjika: mmoja anakuwa mbinafsi, mwingine anakata tamaa, mwingine anajiumiza. Wachache sana wanasimama imara na kuwapa wenzao moyo. Ukifika 200, moyo unasimama. Wakirudi kijijini unawapeleka kupumzika, na sehemu ni mbili kuu: baa au kanisa. Nikaona hawa Wakanada wametembea mtaani kwetu.

Na ndiyo maana zamu kwa zamu inafaa hapa. Kwenye gemu za mbio, woga unakuja na kupita. Kwenye zamu, woga unakaa. Unamwona adui, unajua zamu ijayo atapiga, unahesabu: nimponye huyu au nimmalize yule? Nizidi kusonga au nirudi nyumbani mikono mitupu lakini hai? Ni uamuzi uleule wa tarehe 28 ukiwa na mia tano mfukoni: kodi au unga? Hakuna jibu zuri, kuna jibu lisiloua leo.

Jibu langu

Waandishi weusi walifika kwenye swali la beste yangu kabla yangu. Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alishinda tuzo ya World Fantasy mwaka 2011, na sanamu aliyokabidhiwa ilikuwa kichwa cha Lovecraft. Alipogundua lile shairi la 1912 aliandika wazi jinsi inavyouma kushinda heshima kubwa yenye uso wa mtu aliyekudharau. Wengine wakapaza sauti, na mwaka 2015 waandaaji wakatangaza kwamba kichwa hicho kinaondolewa. Mwaka 2016 Victor LaValle, mwandishi mweusi wa New York, akachukua hadithi yenyewe ya Red Hook na kuiandika upya, safari hii mhusika mkuu akiwa kijana mweusi wa Harlem. Hakuichoma. Aliingia ndani yake akahamisha fanicha.

Hapo nikapata jibu langu. Lovecraft aliogopa vitu viwili. Aliogopa kwamba akili inaweza kukatika, nyumba inaweza kuondoka, na ulimwengu hautajali. Hiyo ni kweli, na kila anayeishi chumba kimoja cha kukodi anaijua. Cha pili, aliwaogopa watu. Aliwatazama majirani waliokuwa na njaa kama yeye, walioibiwa kama yeye, waliotafuta kazi wakakosa kama yeye, akawaita mashetani. Angebisha mlango mmoja Red Hook pengine angepewa chai. Woga wa kwanza ulimpa hadithi. Wa pili ulimnyima watu waliokuwa karibu naye.

Na jambo moja simwachii. Alitoka chumbani kwa sababu aliandika barua na mtu akamjibu. Kila kizuri alichopata baada ya hapo, kuanzia mke hadi wale waliolihifadhi jina lake, kilitokana na mlango huo mmoja. Mimi baada ya kusoma hayo nilimpigia shangazi. Nikamwambia sitahitimu, nikamwambia naandika. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama nimekula.

Leo usiku narudi handakini na wanne wapya. Daktari mpya wa tauni ana jina lilelile, beste mwenyewe amesema nimpe nafasi nyingine. Mwenge ninao wa kutosha. Wewe je, ungeendelea kucheza ama ungefuta? Tuambie.